Kilio Changu Mbele ya Hakimu

Harufu ya mkate mpya bado hunichefua. Naanza na hilo kwa sababu wakili wangu aliniomba nisilitaje mahakamani, akisema watu watacheka, na mimi nikikatazwa kusema jambo hunikaa kooni mpaka nilitoe.

Gari lililonigonga pale Mamboleo, Kisumu, lilikuwa la kusambaza mikate. Nilikuwa nimesimama nje kabisa ya lami, nasubiri kuvuka niende kwa fundi kuchukua rinda langu la kwaya. Pikipiki ilikata mbele ya lile gari, dereva akaikwepa, na upande aliokwepea ndio niliokuwa mimi. Kugongwa kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka nimelala chali, milango ya nyuma ya gari imefunguka, mikate imetapakaa barabarani na watu wanaikimbilia. Sitawasema vibaya. Wengine waliokota mkate kwa mkono mmoja na kunishika kwa mkono wa pili. Mama mmoja alichukua mkate uliokuwa bado na joto, ndani ya karatasi yake, akanisukumia chini ya kichwa uwe mto.

"Lala hapo, Madam," akaniambia. "Usijaribu kuamka."

Alijuaje kwamba mimi ni mwalimu, mpaka leo sijui. Labda tunanuka chaki.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na nyonga imepasuka. Nilitiwa chuma, nikalazwa, nikarudishwa nyumbani, nikalazwa tena. Mguu wa kulia ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na goti likawa linakunjika pale linapotaka lenyewe na kukataa pengine pote. Tangu hapo natembea na fimbo. Wanafunzi wangu walizoea haraka kuliko mimi. Waliposikia ko-ko-ko ya fimbo kwenye korido walinyamaza kabla sijafika, na naibu mwalimu mkuu gani asiyependa hilo? Nilicheka nao. Nyumbani sikucheka.

Kampuni ya bima haikubisha kwamba dereva alikosa. Walibisha jambo jingine lililonikera zaidi. Matibabu yalikuwa yamelipwa na bima ya walimu. Mshahara wangu uliingia kila mwezi, hata ile miezi niliyokuwa natazama dari la wodi. Sikufukuzwa kazi, sikushushwa cheo. Kwa hiyo swali lao lilikuwa moja tu, na waliliandika kwa adabu: mlalamishi amepoteza nini?

Wakili wangu alikuwa binti mdogo, ofisi yake iko juu ya duka la simu mjini. Nilimpenda kwa sababu hakujifanya mtu mzima. Siku ya kwanza alinitandikia karatasi mezani akakuna kichwa kwa kalamu.

"Madam, risiti za hospitali si zetu, na mshahara hukupoteza. Tumebaki na maumivu, na raha za maisha."

"Raha gani?"

"Zile ulikuwa nazo. Niambie vitu ulikuwa unafanya kabla ya accident na saa hii huwezi. Hata ndogo ndogo. Hizo ndizo korti inalipia."

Nikamwambia kuhusu kutembea. Nikamwambia kuhusu kwaya, jinsi siwezi kusimama wimbo mzima, na kupiga magoti kanisani, na kulala ubavu wa kulia. Aliandika yote. Aliniuliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna.

Lilikuwepo, nami nililijua pale pale nilipokuwa nasema halipo. Lilikuwa mkeka.

Mama yangu aliishi Nyakach, kati ya Katito na Pap Onditi, kwenye boma ambalo baba alimwachia. Nilimtembelea kila mwisho wa mwezi. Nilimkuta daima mahali pamoja, kwenye mkeka wa mafunjo kando ya mlango wa jikoni, miguu ameinyoosha mbele, anabambua njugu. Nilivua viatu, nikaketi ubavuni mwake, bega kwa bega, nikachukua njugu zangu. Sote tulitazama upande mmoja, kuelekea shambani. Hivyo ndivyo mama nami tulivyoongea, hata jioni rafiki yake jirani alipokuja kuketi upande wake wa pili. Mume wangu alipoondoka nilimwambia mama nikiwa pale, huku nabambua, bila kumtazama usoni, naye alinijibu bila kunitazama. Ana kwa ana nisingeweza. Mgeni huwekwa kwenye kiti na kuulizwa habari za safari, lakini mtoto wa nyumbani hushuka mkekani.

Baada ya ajali sikuweza kushuka. Nilijaribu mara moja, nikashuka kweli, halafu ikabidi waitwe vijana wawili wa jirani waje kuniinua, na nilipiga kelele ya maumivu hadi mbwa wakabweka. Mara iliyofuata nililetewa kiti cha plastiki. Nilikaa juu, mama chini, na kila alipotaka kunisemesha aliinua uso na kukinga jua kwa kiganja. Tuliongea habari za safari.

Safari nyingine nikafika nikamkuta yeye ndiye aliyekalia kiti. Alikuwa amewatuma vijana wa jirani dukani kiletwe cha pili. Mama alikuwa mfupi, miguu haikufika chini, ilining'inia. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu zamani na hakuwahi kupenda viti, hata kanisani alikaa ukingoni. Njugu alikuwa ameziweka mapajani zikawa zinateleza na kuanguka.

"Mama, shuka ukae vizuri," nikamwambia.

"Niko sawa, nyathina." Nyathina ni mtoto wangu. Aliniita hivyo hata nilipokuwa na mvi.

"Hauko sawa. Unaumia mgongo. Shuka."

"Tukae wote juu. Kwani kiti ni cha nani?"

Nikamfokea. Nilimfokea mama yangu kwa sababu ya kiti, na hasira yenyewe haikumhusu hata chembe. Hakushuka. Tangu siku hiyo hadi mwisho alinipokea akiwa juu ya ile plastiki, nami nilikaa juu ya yangu, tukatazamana kama watu wa ofisini, na yale maongezi mengine hayakurudi tena.

Sasa nieleze, hayo ungemwambiaje wakili? Kwamba mtu mzima, mwenye wajukuu, ameumia kwa sababu hawezi kuketi chini na mama yake? Niliona aibu. Nikasema hakuna lingine.

Mama alifariki kabla kesi haijasikizwa. Alilala tu, asubuhi hakuamka. Mdogo wangu, kaka anayefanya kazi Nairobi, ndiye aliyesimamia mazishi, na akayasimamia kwa mtindo wa siku hizi: mahema, viti vya kukodi, spika, na mpiga video wa kurusha mazishi moja kwa moja kwenye mtandao ili binamu zetu walio ng'ambo walie pamoja nasi. Sikuona ubaya. Ile kamera niliichangia mwenyewe.

Wakili alinipigia simu kunipa pole. Alinipa pole ya kweli. Kisha akakohoa kidogo.

"Madam, sitaki kukuambia hii lakini lazima. Huko matanga kuwa careful. Fimbo isitoke kwa mkono."

"Unadhani naigiza?"

"Mimi najua hauigizi. Wao hawajui."

Nilimkatia simu. Baadaye nikamtumia ujumbe kuomba radhi, akanitumia picha ya moyo.

Kwetu binti haingii kwa mama yake aliyekufa akitembea kana kwamba anakwenda dukani. Analia tangu langoni. Anakimbia, mikono kichwani, mpaka mlangoni pa nyumba, na anapokimbia anamsemesha marehemu kwa sauti ya juu, anamwita kwa majina yake ya sifa, anamshtakia mambo yake. Kilio hicho chenye maneno tunakiita dengo. Hakiandikwi wala hakifanyiwi mazoezi. Unayoyasema ni ya kwako na ya maiti, na ingawa boma zima linasikia, hakuna anayekuja kesho yake kukuuliza ulimaanisha nini. Kwa ndugu wengine nimewahi kulia dengo, na wanawake wa kwetu walinijua kwa hilo. Nikifika langoni walinipisha nitangulie.

Nilikuwa nimekusudia kutembea. Naapa. Nilikuwa na fimbo mkononi, nimemeza dawa ya maumivu mapema, nimejiambia nitalia polepole, Mungu na mama wataelewa. Tulifuata gari la maiti kutoka Kisumu, tukapinda Katito, tukafika. Nilipokanyaga chini pale langoni nikaona jikoni, na kando ya mlango wa jikoni kuna viti viwili vya plastiki, kimoja kimepangwa juu ya kingine.

Fimbo sijui niliiachia wapi. Nilikimbia.

Nilikimbia kwa huo mguu mmoja na kipande, nikipinda upande kila hatua, mikono kichwani, nikilia kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Nilipita mahema. Karibu na nyumba goti likakataa, nikaanguka kifudifudi kwenye vumbi, na wanawake wakaniokota. Siku zilizofuata paja lilivimba likawa gumu. Hospitalini sikwenda. Nani anaondoka matangani kwa mama yake kwenda kuonyesha mguu? Shangazi alinikanda kwa maji ya moto na kitambaa, nikatafuna dawa, nikakaa mpaka wageni wa mwisho walipoondoka. Kwa hiyo hakuna daktari aliyeandika lolote kuhusu kuanguka kwangu.

Siku ya kesi nilivaa suti yangu ya mikutano ya wazazi. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni wa sehemu za huku, mwenye miwani inayoshuka puani. Niliulizwa maswali na wakili wangu, yule binti, nikajibu vizuri: kutembea, kwaya, magoti, usingizi. Kisha wakili wa bima akasimama. Alikuwa mpole mno, na watu wapole mno hunipa wasiwasi.

"Mwalimu, umeiambia mahakama kwamba huwezi kukimbia?"

"Siwezi."

"Tangu siku ya ajali hujakimbia?"

Nikaiona kompyuta mezani pake. Nadhani hapo ndipo nilipojua.

Akafungua kompyuta, akamwomba hakimu ruhusa. Wakili wangu akapinga, wakavutana kidogo kwa Kiingereza cha vifungu vya sheria, hakimu akaruhusu. Ilikuwa video ya mazishi ya mama. Hakuna mpelelezi aliyetumwa, hakuna aliyejificha kichakani. Waliitoa kwenye ukurasa wa kaka yangu, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuiona, na pembeni kulikuwa na watu waliotuma maua na mishumaa.

Akaicheza bila sauti.

"Sauti haina haja, mheshimiwa. Ni kelele za matanga."

Nikajiona. Mwanamke mnene wa gauni jeusi anashuka garini, anatupa fimbo majanini, anakimbia. Bila sauti nilionekana mwenye afya. Nilionekana karibu kufurahi, mdomo wazi, mikono juu. Nikapita hema la kwanza, nikapita la pili, halafu kamera ikageuka. Mwanasiasa mmoja alikuwa anashuka kwenye gari lake, na mpiga video, ambaye tulimlipa sisi, akamfuata yeye akisalimiana na wazee. Kuanguka kwangu hakukuonekana.

"Huyo ni wewe, Mwalimu?"

"Ni mimi."

"Asante. Sina swali lingine."

Sijawahi kuitwa mwongo mbele ya watu, na huyu mtu hata hakunipa heshima ya kuniita hivyo kwa mdomo wake. Hakimu alivua miwani, akasema tupumzike kidogo kabla wakili wangu hajaniuliza ya mwisho.

Kwenye korido binti alinivuta pembeni, karibu na dirisha.

"Madam, ulianguka?"

"Nilianguka kamera ikiwa imemfuata yule mwanasiasa."

"Kuna mtu alikuandikia? Hospitali? Dispensari?"

"Shangazi yangu na maji ya moto."

Akafumba macho. Kisha akayafumbua. "Sauti. Walizima sauti. Lakini mic ilikuwa inaendelea kurekodi, si ndiyo? Ulikuwa unasema nini?"

Nikageukia dirisha.

"Madam. Bila hiyo sauti tumeisha. Wataandika ulidanganya korti, na si pesa tu, ni jina lako. Ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa naongea na mama yangu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia niliwadanganya."

Nikamweleza, pale dirishani, haraka haraka, habari ya mkeka na viti viwili. Nilimweleza huku nimemkasirikia yeye, na mama, na kaka na kamera yake. Nilitaka aniambie kwamba haifai, kwamba ni jambo la kitoto. Badala yake akafuta macho kwa mkono wa koti lake.

"Mbona hukuniambia hii siku ya kwanza?"

Nilikuwa na uwezo wa kukataa. Hilo nalisema wazi. Ningesema maneno yale ni ya mama na si ya serikali, na ningerudi nyumbani nikiwa mwongo kwenye makaratasi na mkweli kitandani. Lakini nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na kila mzazi wa Kisumu ana binamu anayefanya kazi kortini. Nikasema sawa, ichezwe.

Video ikachezwa tena, safari hii na sauti. Kilio changu kikajaa kile chumba. Watu waliokuwa nyuma wakisubiri kesi zao, mpaka vijana waliokuwa na pingu, wakanyamaza, maana wengi wao walielewa Kiluo. Hakimu hakuelewa. Kwa hiyo mkalimani wa mahakama, mwanamume nadhifu mwenye tai ya buluu, alisimama kando ya kompyuta, akawa anasimamisha kila baada ya sentensi na kuigeuza Kiingereza, kwa sauti ile ile anayotumia kwa wezi wa kuku na mipaka ya mashamba.

"Mama wee," nililia mimi wa kwenye kompyuta, "uliyekalia kiti kwa ajili yangu, nimefika."

"Anasema, mama, wewe uliyenipa kiti, nimefika," mkalimani akasema kwa Kiingereza.

"Hapana," nikasema kizimbani.

Wote wakanigeukia.

"Hakunipa kiti. Alikalia kiti yeye. Kwa ajili yangu." Nilisema kwa sauti ya darasani, sauti ya kusahihisha, na hata kidole nilikiinua.

"Rekebisha," hakimu akamwambia, naye akarekebisha, na hakimu akaandika.

Tukaendelea hivyo. Ninalia, anasimamisha, anatafsiri, kalamu inaandika. "Tandika mkeka. Leo nitashuka, mguu ukitaka usitake. Wameniuliza nimepoteza nini, mama, nikawaambia kutembea. Niliwadanganya."

Wakili wa bima alisimama wima. "Mheshimiwa, amekiri mwenyewe!"

"Keti, wakili," hakimu akasema. "Tumsikie mpaka mwisho."

"Niliwadanganya. Kutembea natembea. Nilikupoteza wewe, mama, ukiwa bado hai, miguu yako inaning'inia na mgongo unakuuma, na mimi nakufokea. Nani atanibambulia njugu? Nani nitamweleza bila kumtazama?"

Hakimu akainua mkono. "Rudia hapo pa mkeka. Huo mkeka ni wa nini?"

Nikamfafanulia. Nilifafanua vizuri sana, kwa mpangilio, nikaeleza mafunjo, mlango wa jikoni, bega kwa bega. Akaniuliza kama kwetu ni vibaya mtoto kukaa juu na mzazi akiwa chini. Nikasema si vibaya, ni mbali. Akaandika neno hilo na kulipigia mstari chini, nilimwona.

Kwenye picha mwanasiasa alikuwa bado anasalimiana, anatabasamu, anashika mikono ya wazee kwa mikono yake miwili. Na juu ya tabasamu lake sauti yangu ikaja kutoka mbali, imekatika.

"Nimeanguka, mama. Nimeanguka. Mbona huniinui?"

Mkalimani alisimamisha. Akatengeneza tai. "Anasema ameanguka. Anamuuliza mama yake kwa nini hamwinui."

Wakili wa bima alikuwa anatazama viatu vyake. Wakili wangu hakuuliza swali jingine, na halikuhitajika.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi kadhaa. Tulishinda. Kiasi sitakitaja, kaka yangu amekitaja vya kutosha kwa sisi sote. Hakimu aliandika ukurasa mzima juu ya mtu anayeweza kukimbia siku moja kwa uchungu na kulipia kwa mwili wake, na ukurasa mwingine juu ya mkeka. Wakili anasema hukumu hiyo ni nzuri na mawakili wengine wataitumia, mtu mwingine akivunjika paja watasema, tazama ya yule mwalimu. Kwa hiyo mama yangu na njugu zake wamo kwenye majalada ya serikali, na watu ambao hawakumjua watakuwa wakimtaja wakipatana bei ya majeraha.

Kaka alinipigia kutoka Nairobi, furaha tele. "Sister, umeona? Mama ametusaidia hata akiwa kaburini."

Nilimjibu vibaya. Hakunipigia tena kwa muda mrefu, na bado sijui kama kosa lilikuwa lake. Alikuwa anafurahi kwa ajili yangu. Pesa ziliingia benki, mguu ukaendelea kuuma asubuhi za baridi, na mimi nikarudi darasani na fimbo yangu.

Halafu mwaka huu akafa rafiki wa mama, jirani wa boma la pili, bibi aliyekuwa akija jioni kuketi upande wa kushoto wa mkeka ule ule. Mimi nilikuwa wa kulia. Yeye ndiye aliyesikia mengi yangu kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai, na hakuwahi kuyarudia. Nilimpenda. Nilipanda gari mpaka Katito, nikachukua pikipiki ya taratibu hadi kwao, nikafika langoni pamoja na wanawake wa kanisa.

Wakanipisha nitangulie. Walijua. Wakatulia nyuma yangu, mikono iko tayari kichwani, wakinisubiri nianze.

Nikafungua mdomo. "Mama wee," nikaanza, na kabla sijafika neno la pili nikasikia, kwa Kiingereza, kwa sauti ya yule mkalimani wa tai ya buluu: anasema, mama. Nikasita. Nikatafuta neno linalofuata, nikajikuta nalichagua, nalipima kama litaeleweka, nalisahihisha. Nilikuwa na uchungu tele kifuani, sikuwa na shida ya uchungu. Maneno ndiyo yaliyokataa kutoka bila mtu wa kuyaandika. Nilisimama pale nimeshika lango, mdomo wazi, kama nilivyoonekana kwenye ile video bila sauti.

Mwanamke mwingine nyuma yangu akaanza badala yangu, wengine wakampokea, wakanipita wakikimbia. Mimi nikaingia nikitembea, ko-ko-ko, polepole, hadi penye nyumba.

Shangazi yangu, yule aliyenikanda kwa maji ya moto, alinijia akanishika mkono. Alitazama huku na huku, akatafuta kama kuna mpiga video, akaninong'oneza sikioni.

"Lia tu, nyathina. Hakuna kamera leo. Si kesi iliisha?"

"Iliisha," nikamwambia, na wakaniletea kiti.